Uso wa Fundi Mbao, Shati la Marehemu

Mji wetu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, umejaa wapiga picha. Kila mwenye simu nzuri anajiita hivyo. Wenye diploma ya kazi hii, waliokaa darasani miaka miwili na kufaulu mtihani mbele ya walimu, ni wachache sana, na mimi ni mmoja wao. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia si mtu wa kubahatisha.

Diploma yangu niliipata Kampala, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilianzia Ariwara, mji wa mpakani, nikibeba mizigo ya wafanyabiashara sokoni hadi mabega yakaota sugu. Kutoka hapo nikavuka mpaka, nikaosha magari asubuhi na kusoma mchana. Niliporudi nyumbani baada ya miaka tisa nilikuwa na kamera mbili, lenzi tano na karatasi yenye muhuri. Nikafungua studio karibu na barabara kubwa. Diploma nikaitundika mahali ambapo mteja hawezi kukaa bila kuiona. Nikachapisha kadi ndogo: upande mmoja picha yangu nikiwa na koti na tai, na chini yake maneno "Mpiga picha mwenye diploma", upande wa pili jina la studio. Jina langu mwenyewe sikuliweka. Niliona halina kazi.

Kadi hizo nilizigawa kila mahali, harusini, kanisani, hata kwa waendesha pikipiki waliokuwa wakisubiri abiria. Watu wakaanza kuniita Diplome. Nilipenda kuitwa hivyo, na bado napenda.

Mwaka wa tatu wa studio, jicho langu lilikufa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Kazi ilikuwa nyingi: harusi, picha za pasipoti, sherehe za wanafunzi wa chuo. Lakini kidole kilikuwa kinabonyeza kabla jicho halijaona kitu. Siku moja nilifungua picha kwenye kompyuta, nikashindwa kumtofautisha bibi harusi wa Jumamosi ile na wa Jumamosi iliyotangulia. Nilikaa mbele ya sura mbili zile kwa muda mrefu. Wote wawili walikuwa wananitabasamia mimi, na sikumkumbuka hata mmoja.

Ndipo niliposikia habari za matembezi ya picha. Mama mmoja wa mtaa wa Mudzipela, aliyeanza kazi hii tangu enzi za filamu, alikuwa anaongoza watu wachache kwa miguu kwa siku tatu, akiwafundisha kutazama. Hakuwa na diploma yoyote. Kazi aliifundishwa na mume wake, ambaye sasa ni marehemu, ndani ya choo walichokigeuza kuwa chumba cha giza. Nilijiandikisha nikiwaza kwamba nitapumzisha jicho, na ikibidi nitamsaidia kufundisha.

Tulikutana Jumatano saa kumi na mbili asubuhi kwenye daraja la mto Nyamukau. Ukungu ulikuwa mzito, ukitoka majini na kupanda barabarani, kiasi kwamba watu waliokwenda sokoni walionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Tulikuwa wanafunzi wawili tu. Mwenzangu alikuwa mnunuzi wa dhahabu kutoka Bambu, Mwislamu mcheshi aliyenunua kamera ya gharama na kubeba mfuko wake kama kikapu cha mayai. Nilimpa kadi yangu. Akaisoma pande zote mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Sasa weye Diplome unakuja kujifunza nini?" akauliza.

"Nakuja kuona wengine wanafundisha namna gani," nikamjibu.

Mama hakucheka. Alikuwa mwembamba, amevaa kikwembe cha kijani na viatu vya mvua.

"Leo aparei zinabaki mu mufuko," akasema, akionyesha kamera zetu. "Tunatafuta mutu."

"Mutu gani, Maman?"

"Mwanaume. Miaka makumi tatu na kitu. Paji pana. Nyusi zinakaribia kukutana. Sikio ya kushoto inasimama kidogo kupita ya kuume. Na akikutazama, anashusha kichwa kwanza, kisha anainua macho."

"Amepotea?" nikauliza.

"Anatafutwa," akasema, na kuanza kutembea.

Tukazunguka soko kuu siku nzima bila kupiga hata picha moja. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto wa shule. Baadaye kitu kikabadilika. Niliona paji lile kwa mwanaume aliyekuwa akishusha samaki wa ziwani kutoka Chomia. Niliona sikio kwa mtu anayeziba matairi. Nyusi nilizikuta kwa kichaa mmoja aliyelala juu ya magunia ya makaa. Ilikuwa kana kwamba mtu huyo amegawanywa, kila raia wa Bunia amepewa kipande chake akitunze, na hakuna aliyepewa vyote. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimeanza kugeuka nyuma bila sababu. Nilihisi kwamba tunamtafuta, na yeye anatufuata hatua chache nyuma yetu akisubiri tugeuke vizuri.

"Mi kazi yangu ni kutazama dhahabu," mnunuzi akaninong'oneza. "Ya uongo inajionyesha haraka. Lakini hii mutu, Diplome, kila mara namushika, namukosa."

Alasiri mama alitupeleka pembezoni mwa mji, kwenye kambi ya waliokimbia vita vya Djugu. Mahema meupe yamebanana pale hadi ukipita katikati yao unasikia watu wakipumua pande zote. Mbele ya hema moja alikaa mwanamke aliyefunga kitambaa cheusi kichwani.

"Hawa njo batu bangu," mama akamwambia. "Wanamutafuta tangu asubuhi."

Yule mwanamke akatushukuru kwa mikono miwili. Kisha akatueleza, bila kulia, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya njia. Mwanawe alikufa kijijini siku waliyokimbia. Wengine walimzika haraka. Yeye hakuona mwili. Nyumba iliungua na picha zote ndani yake. Sasa ndugu wamekusanyika kutoka huku na huku, na Jumamosi wanafunga matanga. Meza ya marehemu itakuwa na mshumaa na maua. Picha haipo.

"Bila picha, batu wanalilia meza," akasema. "Miye sitaki walilie meza."

Alichookoa ni shati moja. Alikuwa amelifua asubuhi ile, likabaki kwenye beseni alilokimbia nalo. Akalitoa katika mfuko wa plastiki: la bluu, lenye mistari myeupe, kifungo cha pili hakipo. Akaturuhusu kulipiga picha likiwa limetundikwa kwenye kamba ya hema. Hakukuwa na upepo, lakini mkono mmoja wa shati ulikuwa unasogea kidogo kidogo. Hiyo ndiyo picha pekee niliyopiga siku hiyo.

Tukiwa njiani kurudi, mama alitufafanulia kazi yake. Tangu watu walipoanza kuukimbia moto wa vita, wengi walikuja kwake kuomba picha za wafu wasio na picha. Kwa hiyo anatafuta mtu hai anayefanana na marehemu. Anamwomba. Akikubali, anavaa nguo ya marehemu, anakaa kwenye kiti, anapigwa picha. Mradi amekaa pale, hakuna mtu anayesema naye. Kisha, kabla hajasimama, mama anamwita kwa jina lake mwenyewe mara tatu, naye anaitika mara tatu.

"Na asipoitwa?" mnunuzi akauliza.

"Sijajaribu," akasema.

Nitasema ukweli: nilidharau. Nilisomea mwanga, lenzi na kompyuta. Sikusomea kuita watu majina. Nikamwambia kwamba kwa kompyuta yangu ninaweza kuunganisha paji la huyu na sikio la yule, na kazi ikaisha kabla ya chai.

"Utapata mutu," akanijibu. "Lakini ule mutu hana mama."

Alhamisi tulitafuta tena bila kufanikiwa, ila nakiri kwamba siku hiyo nilijifunza. Mama alitusimamisha chini ya vibaraza vya maduka na kutuonyesha jinsi vumbi jekundu la barabara linavyorudisha mwanga kutoka chini, likiingia chini ya kidevu na kufuta uzee. Miaka mitatu nilikuwa napita hapo na sikuliona. Kampala vumbi lao si kama letu. Alitufundisha pia kusubiri: kuchagua ukuta, kuuacha ukuta utuzoee, na kuona nani anaingia ndani yake. Jicho langu lilianza kuwasha, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na damu.

Ijumaa asubuhi mnunuzi alimpata. Hilo liliniuma, sifichi. Tulikuwa kwenye karakana za mafundi mbao, kwenye barabara inayoelekea Mambasa, ambako malori yanashusha mbao mbichi zinazonuka kama msitu. Mnunuzi alisimama ghafla akanishika kiwiko.

"Diplome. Ile pale. Hii ni dhahabu."

Mtu mmoja alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda. Paji, nyusi, sikio. Aliposikia tumesimama, alishusha kichwa, kisha akainua macho. Vipande vyote vya siku mbili vilikuwa vimerudi mahali pamoja na vinatutazama.

Mama alimsalimia, akamweleza kila kitu, taratibu, bila kumsukuma. Fundi alimsikiliza huku akipangusa mavumbi ya mbao mikononi.

"Pole yake ule mama," akasema. "Lakini kukaa kwa kiti ya mufu, hapana, Maman. Miye iko na batoto bane. Leo navaa shati yake, kesho yeye anavaa yangu."

"Umesema, fundi," mama akajibu. "Asante."

Akageuka na kuondoka, hivyo tu. Nilimkimbilia. Nikamwambia tuongeze maneno, matanga ni kesho.

"Amesema hapana, Diplome. Hapana yake ni ya kwake. Tutatafuta mpaka magaribi."

Tuliachana saa tisa. Wao walielekea upande wa soko. Mimi niliwaambia nina mteja studio. Nikachukua lenzi yangu ndefu kupita zote, ambayo hakuna mwingine mjini aliye nayo, na kurudi kwenye barabara ya Mambasa. Nilipita mbele ya karakana mara moja, nikijifanya namtafuta mtu. Fundi akanitazama, akarudi kwenye kazi yake. Nikaenda kujificha ng'ambo ya barabara, nyuma ya lori lililokuwa likishusha mbao.

Nilichagua ukuta, nikauacha unizoee. Nilisubiri kama alivyonifundisha. Lori lingine lilipita, likaacha vumbi, na vumbi likaushika mwanga na kuurudisha chini ya kidevu cha fundi. Yeye akaacha randa. Akashusha kichwa. Kisha akainua macho moja kwa moja kuelekea kwenye lenzi yangu, umbali wa nusu ya uwanja wa mpira. Nikabonyeza.

Sijawahi kupiga picha kama ile, na sidhani kama kuna aliyeipiga katika mji huu. Jicho langu lilikuwa hai. Nilijiambia kwamba fundi hakuniona, ameona lori tu. Nilijiambia pia kwamba yule mama wa kambini hawezi kulilia meza wakati mtu mwenye diploma yupo mjini na anaweza kuzuia. Yote mawili niliyaamini kabla ya kufika studio.

Kwenye ukingo wa kushoto wa picha, nyuma ya fundi, kulikuwa na msalaba mpya umeegemezwa ukutani, umepakwa vanishi, bado haujaandikwa jina. Niliuona kama mstari tu, mstari unaovuta jicho nje ya uso. Nikaukata. Kisha, kwenye kompyuta, nikamvua fundi shati lake la kazi na kumvika la bluu lenye mistari, pamoja na pengo la kifungo. Kazi safi. Huwezi kuona mshono.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea mama mpiga picha ile picha ikiwa kwenye fremu. Aliitazama kwa muda mrefu akiwa mlangoni.

"Alikubali?"

"Alikubali, Maman. Nilirudi kuzungumza naye."

"Na ulimuita kwa jina yake?"

"Nilimuita."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Jina lenyewe sikulijua. Mama alinitazama kama alivyotufundisha kutazama ukuta, akisubiri nani ataingia. Kisha akachukua kikwembe chake cha kutokea, tukaenda wote kambini.

Mama wa marehemu alipokea fremu kwa mikono miwili. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya nyusi, na kulifuata sikio la kushoto. Nilisikia pumzi yake ikikatika mahali fulani na kuendelea.

"Ni yeye," akasema. Baadaye akaniuliza, "Na huyu mutu aliyekaa, iko na moyo gani? Mwambie nitamuombea kila siku."

Nikasema nitamwambia.

Matanga yalifungwa alasiri, katika parseli moja, yaani kiwanja, ya Mudzipela waliyoazimwa na watu wa kanisa. Walikuwa wametandaza hema la bluu juu ya miti, na mwanga chini yake ulizifanya nyuso zote zionekane kama zimezama majini. Meza ilikuwa mbele: kitambaa cheupe, maua, mshumaa, na picha yangu. Ndugu walikuja mmoja mmoja, wakasimama mbele yake, wakasema naye. Mjomba mmoja alimgombeza kwa ajili ya baiskeli ambayo hakuirudisha. Shangazi alicheka na kulia pamoja. Nilikaa safu ya nyuma na mnunuzi, na nitakuwa mwongo nikisema sikujivuna. Watu wote wale walikuwa wanazungumza na kazi ya mikono yangu.

"Alikubali namna gani?" mnunuzi akaninong'oneza. "Miye niliona hapana ya ule mutu. Ilikuwa hapana ya chuma."

"Kuna namna ya kuongea na watu," nikamwambia.

Walikuwa katikati ya wimbo wakati msalaba ulipoingia getini. Familia ilikuwa imeuagiza kwa fundi fulani, na fundi alikuwa ameuleta mwenyewe, begani. Mbao za mikono ya msalaba zilimfunika uso. Niliitambua vanishi kabla ya kumtambua yeye, na nikajua, kama mtu anayejua gilasi itavunjika ikiwa bado hewani.

Akauteremsha msalaba, akausimamisha ardhini, akanyoosha mgongo. Shangazi aliyekuwa karibu na geti aliacha kuimba. Kisha aliyefuata, kisha wa mbele yake. Wimbo ulizimika safu kwa safu kuelekea mezani, mpaka ikabaki sauti moja ya bibi kizee asiyesikia vizuri, akiendelea peke yake, na mtu akamgusa goti akanyamaza. Mtoto mmoja akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amekuja."

Fundi aliona watu wote wamemtazama. Alishusha kichwa. Kisha akainua macho, na kuiona meza.

Alitembea katikati ya viti. Hakuna aliyemzuia, waliokuwa kando walivuta miguu yao ndani. Akasimama mbele ya picha, karibu kabisa, mshumaa ukimulika kutoka chini. Akajishika kifuani, akavuta kitambaa cha shati alilovaa kana kwamba anahakikisha.

"Uso ni yangu," akasema polepole. "Lakini hii shati haiko yangu."

Mama mpiga picha aligeuka, akanitafuta kwa macho hadi nyuma. Nikasimama. Sikuwa na haja ya kuitwa.

"Ni miye, fundi," nikasema.

"Nilikuambia hapana."

"Ulisema."

"Jana ulipita tena kwangu. Nikawaza, huyu anatafuta nini. Nikaona kitu inang'aa nyuma ya lori." Hakupandisha sauti. "Na leo niko kwa meza ya wafu. Batu wananililia, na batoto yangu wananingojea nyumbani nile nao."

Mama wa marehemu alikuwa amesimama. Alitazama fundi, akatazama picha, akanitazama mimi. Nilimsubiri anilaani. Alikwenda mezani akachukua fremu.

"Nitaitoa, papa," akamwambia fundi. "Kosa haiko yako. Siye hatuibe mutu."

Akaiinua. Mahali ilipokuwa pakabaki alama tu kwenye kitambaa cheupe, kati ya maua. Alitaka kuiweka chini, naona alitaka, lakini hakujua pa kuiweka. Aliigeuza ikalala kifuani kwake, akaikumbatia, akabaki amesimama hivyo, macho yake kwenye meza tupu. Ndugu nao walikuwa wanaitazama ile alama, na hakuna aliyelia.

Fundi alimtazama. Alipumua kwa pua, kama mtu anayepima ubao uliokatwa vibaya na kuona kama bado unaweza kufaa.

"Irudishe, Maman," akasema. Akanigeukia. "Lakini sitakaa pale peke yangu. Umeniweka kwa wafu bila kuniuliza. Weka na uso yako kando ya yangu, mpaka wamalize kuimba. Tukienda, twende wawili."

Nilimwambia sina picha yangu pale. Niliamini ni kweli, kadi zangu sikuzihesabu kuwa picha.

"Unayo, Diplome," mnunuzi akasema. Akaitoa kadi kwenye mfuko wa shati, ile niliyompa darajani, na kumpa fundi. Wakati mwingine wowote watu wangecheka.

Fundi akaiegemeza kwenye kinara cha mshumaa, kando ya fremu. Koti, tai, na chini yake maneno yale. Wimbo ukaanza upya.

Nimesimama mbele ya watu wengi maishani; siku nilipopokea diploma walinipigia makofi. Sijawahi kutazamwa kama nilivyotazamwa siku hiyo, nikiwa nimekaa nyuma na uso wangu ukiwa mbele. Walimwimbia marehemu aende salama, na macho yao yalipokuwa yakipita juu ya meza yalipita juu yetu sote watatu: asiyekuwepo, fundi, na mimi. Katekista alinyoosha mkono kubariki. Upepo wa mvua ukasukuma hema, mshumaa ukainama, na kona ya kadi ikaanza kuwa nyeusi. Nilitaka kukimbia kuiondoa. Nikabaki kitini. Nilijigusa shavu, na kwa sekunde chache halikuhisi kidole.

Walipomaliza, mama mpiga picha alimkalisha fundi kwenye kiti mbele ya meza. Alimuuliza jina lake sikioni, akamwambia mama wa marehemu. Na huyo, akiwa ameweka mikono kwenye mabega ya fundi, akamwita kwa jina lake mara tatu.

"Niko," akaitika fundi. "Niko. Niko."

"Weye haiko mutoto yangu," akamwambia. "Rudi kwako, ukule na batoto yako."

Fundi akasimama, akapangusa magoti. Nikadhani imekwisha.

"Na huyu?" fundi akasema, akionyesha kadi.

Wakanikalisha. Mama wa marehemu akaja nyuma yangu. Nilihisi mikono yake mizito, yenye joto. Akafungua mdomo kuniita, akanyamaza. Akamtazama mama mpiga picha. Huyo akamtazama mnunuzi. Mnunuzi akatikisa kichwa.

"Siye tunajua Diplome tu," akasema.

Walikuwa watu wengi chini ya hema lile, baadhi yao nimewapigia picha za harusi. Hakuna aliyejua jina nililopewa na wazazi wangu. Wakachukua kadi kutoka kwenye mshumaa, wakaisoma mbele na nyuma, kona iliyoungua ikidondosha majivu. Halikuwepo.

"Jina yako nani, mutoto yangu?" mama wa marehemu akaniuliza.

Ilibidi aulize tena. Niliposema, nililisikia kama jina la mtu niliyekuwa nikimtafuta mjini kwa siku tatu. Akaniita mara ya kwanza, nami nikaitika kwa shida. Mara ya pili. Mara ya tatu mvua ikaanza kupiga hema, na nikaogopa kwamba hakunisikia, nikaitika kwa nguvu kiasi cha kumshtua hata yule bibi kizee asiyesikia vizuri.

Jumatatu fundi alikuja studio kwa hiari yake, akavaa shati lenyewe la marehemu, akakaa kwenye kiti. Mama mpiga picha alisimamia. Nilipiga picha moja. Nasema kama mtaalamu: si nzuri kama ile ya nyuma ya lori, mwanga wa ndani hauna vumbi. Lakini mama wa marehemu aliichukua hiyo, na ile ya kwanza akaikabidhi kwa fundi aifanye anavyotaka. Fundi aliitazama, akaitia chini ya mkono, akaondoka nayo.

Jicho langu halijafa tena. Kila mwezi natembea na yule mama mpiga picha, na siku hizi ananiachia niongoze wanafunzi upande wa mto. Nimechapisha kadi mpya, yenye jina langu juu ya diploma, kwa herufi kubwa kuliko za studio. Na kila ninapopita kwenye barabara ya Mambasa, hata nikiwa mbali, hata nikiwa na haraka, fundi anaacha randa yake, anashusha kichwa, anainua macho, na kuniita kwa jina mara tatu. Sijawahi kuthubutu kupita bila kuitika.